Kuchora Kingo za Mto kwa Rangi za Chatou: Mwongozo Kamili wa Mandhari ya Kifovi

Tafuta kwenye simu yako picha ya Mto Seine pale Chatou aliyoichora Maurice de Vlaminck mwaka 1906, ile iliyopo Metropolitan Museum of Art, New York. Itazame kwanza na rangi zake zote: miti yenye wekundu na machungwa, maji ya buluu na kijani yaliyokatwakatwa kwa weupe, mapaa mekundu ng'ambo ya mto. Kisha iondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Nyumba bado ni nyumba, maji bado yamelala, miti ya mbele bado iko mbele.

Huo ndio msingi wa mwongozo huu. Watu wengi wanaojaribu Fovizimu, mtindo wa rangi kali ulioanzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, hudhani kazi yake ni kumwaga rangi kali popote zinapoangukia. Matokeo yake ni picha inayopiga kelele bila kusema lolote. Wafovi walibadilisha rangi ya kila kitu, lakini walichunga sana mambo mawili: kila rangi ina mwanga au giza kiasi gani, na kila rangi inajibizana vipi na jirani yake. Ukiyashika hayo mawili, shina la mti linaweza kuwa jekundu kama pilipili na mtazamaji akaliamini.

Mahali ulipozaliwa mtindo huu

Chatou ni kitongoji kilicho magharibi mwa Paris, kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, pale Mto Seine unapojipinda. Reli ya Paris hadi Le Pecq, iliyofunguliwa mwaka 1837, ilizileta kingo hizo karibu na jiji, na kila Jumapili wakaja wapiga makasia, wacheza dansi na watu waliotaka tu kula na kunywa kando ya maji. Wachoraji walifuata. Monet na Renoir walichora La Grenouillère, mkahawa na mahali pa kuogelea pale Croissy, jirani na Chatou, kiangazi cha mwaka 1869. Miaka 11 baadaye Renoir alianza kuchora karamu yake maarufu ya wapiga makasia kwenye baraza ya mkahawa wa Fournaise, katika kisiwa cha Chatou.

Kwa hiyo André Derain na Vlaminck walikuta mahali palipokwisha kuchorwa na wakubwa. Derain alikuwa mwenyeji, amezaliwa Chatou mwaka 1880. Vlaminck alizaliwa Paris mwaka 1876. Alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano na mpiga fidla, na mkono wake haukulelewa na chuo chochote cha sanaa. Walifahamiana mwaka 1900 baada ya treni waliyokuwa wamepanda kupata ajali njiani. Muda si mrefu wakakodi pamoja studio katika jengo lililokuwa mkahawa wa Levanneur, jirani kabisa na Fournaise. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya kazi za Van Gogh katika jumba la Bernheim-Jeune mjini Paris, Derain alimkutanisha Vlaminck na mchoraji Henri Matisse.

Kiangazi cha 1905 Derain alikwenda Collioure, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, kuchora pamoja na Matisse. Vuli ya mwaka huohuo kazi zao zilitundikwa chumba namba VII katika Salon d'Automne, maonyesho ya sanaa ya kila mwaka mjini Paris. Katikati ya chumba palikuwa na sanamu zilizochongwa kwa utaratibu wa kale, na mhakiki Louis Vauxcelles akaandika kwamba huyo ni Donatello, mchongaji wa zamani wa Italia, katikati ya wanyama wakali. Wakaitwa hivyo tangu siku hiyo: les Fauves.

Nawasimulia haya kwa sababu mahali ni sehemu ya mbinu. Kitongoji cha mtoni kina vitu viwili vinavyogongana: starehe na kazi. Upande huu kuna mashua yenye tanga jeupe, upande ule meli ndogo ya kukokota matishari ikitoa moshi. Kuna bustani ya mtu, na nyuma yake bomba la kiwanda. Ukichora mandhari safi ya porini kwa rangi hizi utapata kitu kinachofanana na kadi ya salamu. Ukichora tishari, nguzo za umeme, paa la bati na mti mmoja uliopinda, rangi zinapata kitu cha kushindana nacho.

Vifaa

Rangi za mafuta ndizo walizotumia wenyewe, na ndizo zinazobaki na alama za brashi vizuri zaidi. Akriliki inafaa pia na inakauka haraka, ila kumbuka kwamba ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Kwenye joto la pwani hukauka hata juu ya paleti, hivyo weka karibu chupa ya kunyunyizia maji.

Nunua tyubu chache za rangi nzuri badala ya boksi la rangi 24 za bei rahisi. Rangi za bei rahisi zina unga mdogo wa rangi na kijazio kingi, na mtindo huu unategemea nguvu ya unga wenyewe. Angalia namba ndogo zilizoandikwa nyuma ya tyubu, maana majina hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine lakini namba hazibadiliki. Ninayopendekeza ni manjano ya kadimiamu, PY35. Nyekundu ya kadimiamu, PR108. Waridi kali ya kwinakridoni, PR122. Buluu ya ultramarini, PB29. Buluu ya kobalti, PB28. Kijani cha viridiani, PG18. Na nyeupe ya titani, PW6. Kama kobalti ni ghali mno kwako, iache. Ultramarini na nyeupe kidogo vitakusogeza karibu. Kama viridiani haipatikani, PG7 inafaa, ila ina nguvu kubwa na itameza rangi nyingine usipoitumia kwa uangalifu. Machungwa utayachanganya mwenyewe.

Nyeusi usinunue kwa sasa, wala hudhurungi. Giza lako litatoka kwenye ultramarini, au ultramarini iliyotiwa waridi au kijani.

Turubai la sentimita 40 kwa 50 linatosha kwa kuanzia. Vlaminck alipenda ukubwa wa kawaida uliouzwa tayari madukani Ufaransa. Picha yake ya mkahawa wa Machine pale Bougival, iliyopo Musée d'Orsay, ina takriban sentimita 60 kwa 81. Silingi bodi au plaiwudi iliyopakwa rangi ya msingi mara mbili ni nzuri vilevile. Wasomaji wa Dar es Salaam wanajua kwamba Edward Saidi Tingatinga alianzia kwenye mbao za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za enameli. Mbao chukua, enameli acha: rangi hiyo hujilaza yenyewe ikawa laini, na alama za brashi zinapotea. Hapa alama za brashi tunazihitaji.

Brashi tatu au nne bapa zenye nywele ngumu, upana wa sentimita moja hadi mbili na nusu, na kisu kimoja cha kuchanganyia rangi. Usitumie brashi ndogo nyembamba. Inakualika kuhesabu majani. Kwa rangi za mafuta utahitaji tapentaini, mafuta ya kitani na matambara. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanaweza kuwaka moto yenyewe yakikunjwa na kurundikwa, kwa hiyo yaanike yakiwa yametandazwa nje, au yaweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Usile wala kuvuta sigara wakati wa kazi, na usipige msasa picha kavu yenye kadimiamu. Vumbi lake ni sumu.

Hatua ya kwanza: chagua ukingo

Si lazima uwe Ufaransa. Aliyeko Kisangani ana Mto Kongo mlangoni. Aliyeko London ana Mto Thames, ambao Derain mwenyewe alitumwa kuuchora mwaka 1906 na mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard. Unachotafuta ni mahali unapoweza kusimama ukaona vitu vinne kwa mpigo mmoja: ukingo ulipo wewe, maji, ukingo wa pili wenye majengo, na anga. Juu ya hivyo vinne tafuta kitu kimoja kilichosimama wima karibu nawe, yaani mti, nguzo au mlingoti. Bila kitu hicho picha inakuwa mikanda minne iliyolala na jicho linateleza likatoka nje.

Daraja likiwepo, simama ulione kwa pembeni, likikimbilia ng'ambo. Ukilitazama kwa ubavu linakuwa ukuta.

Saa ya kwenda ni suala la maana kuliko wengi wanavyofikiri. Mwanga wa chini wa asubuhi au alasiri hugawa kila kitu sehemu mbili, upande wa jua na upande wa kivuli, na mgawanyo huo ndio utakaokupa rangi. Lakini usiogope jua la utosini. Derain alipokuwa Collioure alimwandikia Vlaminck, tarehe 28 Julai 1905, kwamba kule mwanga ni mkali mno na vivuli navyo vinang'aa, kila kivuli ni ulimwengu wa mwanga unaopingana na jua. Yeyote aliyesimama ufukweni Tanga au Lamu saa saba mchana anajua alichokuwa anasema. Katika mwanga wa aina hiyo kivuli kisichorwe kwa kuongeza giza. Kichore kwa kubadilisha rangi: ardhi ya jua iwe machungwa, ardhi ya kivuli iwe buluu ya kobalti yenye weupe.

Hatua ya pili: michoro midogo ya penseli

Chora michoro mitatu midogo, kila mmoja ukubwa wa kiganja, dakika tano tano. Kila mmoja uwe na mistari michache tu inayoonyesha mikanda minne na kile kitu kilichosimama. Katika wa kwanza weka mstari wa ng'ambo juu, ili maji yachukue nafasi kubwa. Wa pili uweke chini, ili anga litawale. Wa tatu jaribu kuinamisha ukingo wa mbele uwe wa mshazari. Usiuweke mstari wa maji katikati kabisa. Vlaminck mara nyingi huacha miti ya mbele ikatwe na kingo za picha, na katika mandhari yake ya miti mekundu iliyopo Centre Pompidou, Paris, mashina yamesimama kama nguzo mbele ya kijiji na nyumba zinaonekana kwa kuchungulia katikati yake. Jaribu na hilo.

Chagua mchoro mmoja. Sasa ujaze kwa viwango vitatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu, na giza la penseli iliyokandamizwa. Jilazimishe kuamua. Je, maji ni mepesi kuliko anga, yaani yana mwanga zaidi, au ni mazito, yaani yana giza zaidi? Nyumba za ng'ambo ziko kwenye kundi la kijivu au la weupe? Mchoro ukiwa na viwango vitano au sita kichwa kinachanganyikiwa, na rangi zitakapoingia kitachanganyikiwa zaidi. Karatasi hii ndogo utaitazama mpaka mwisho wa kazi, kwa hiyo ibandike juu ya turubai.

Hatua ya tatu: kupanga rangi

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila rangi safi itokayo kwenye tyubu ina uzito wake wa asili. Manjano ni nyepesi siku zote. Hata ukitaka iwe nzito huwezi bila kuiharibu. Ultramarini ni nzito siku zote. Nyekundu ya kadimiamu na kijani chenye weupe kidogo hukaa katikati, karibu sawa, na ndiyo sababu vikikaa pamoja mpaka wake unaonekana kutetemeka. Chukua kipande cha turubai, paka kila tyubu mraba mmoja, kisha kipige picha na ukiondoe rangi kwenye simu. Sasa una ramani. Andika chini ya kila mraba: nyepesi, kati, nzito.

Rudi kwenye mchoro wako wa viwango vitatu. Sehemu nyeupe zinaweza kuwa manjano, waridi jepesi, kijani chepesi, au turubai lenyewe lisilopakwa. Sehemu za kijivu zinaweza kuwa nyekundu, machungwa mazito, viridiani yenye weupe, kobalti. Sehemu za giza zinaweza kuwa ultramarini, zambarau nzito, viridiani safi. Ndani ya kila kundi una uhuru kamili. Nje ya kundi, huna. Mti ulio kwenye kundi la kijivu unaweza kuwa mwekundu au wa kobalti, na picha itasimama vilevile. Ukiufanya wa manjano utaruka kutoka mahali pake.

Sasa chagua ndani ya uhuru huo. Usianze kwa kuuliza kitu hiki ni cha rangi gani. Uliza: kinaelekea kwenye joto au kwenye ubaridi? Shina la mti ulilonalo ni la kijivujivu, lakini ubavu unaopigwa na jua la alasiri una joto kidogo. Basi usukume joto hilo hadi mwisho wake: nyekundu au machungwa. Ubavu wa pili una ubaridi kidogo. Usukume hadi ultramarini. Barabara ya vumbi ina waridi ndani yake, ipe waridi. Katika picha ya Bougival niliyoitaja, barabara ya kawaida kabisa ya kitongoji imekuwa manjano na machungwa, na jicho linaikubali kwa sababu kweli barabara ile ilikuwa na joto la jua. Wafovi walikuza walichokiona. Hawakuzua.

Baada ya joto na ubaridi, angalia ujirani. Mwaka 1839 mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alichapisha maelezo ya jambo lililowasumbua wafumaji: rangi moja huonekana tofauti kutegemea iliyo pembeni yake, na rangi pinzani zikikaa pamoja kila moja humwongezea nguvu mwenzake. Nyekundu na kijani, buluu na machungwa, manjano na zambarau. Paa jekundu likizungukwa na miti ya machungwa hufifia. Likizungukwa na kijani huwaka. Kwa hiyo kama unataka paa moja liwe kitovu cha picha, usiongeze wekundu wake. Badilisha majirani zake.

Mwisho wa mpango, gawa himaya. Familia moja ya rangi itawale zaidi ya nusu ya picha, pinzani wake apewe robo au pungufu, na zilizobaki ziwe viungo. Kwa mfano: buluu na kijani vitawale maji, anga na vivuli, nyekundu na machungwa vipewe mashina, mapaa na kipande cha ardhi, manjano iwe miguso michache majini na madirishani. Ukigawa sawa kwa sawa hakuna anayesikika.

Paka mpango huu kwenye kipande kidogo cha karatasi nzito kabla ya kugusa turubai. Nusu saa inatosha.

Hatua ya nne: mistari ya buluu

Lainisha ultramarini kwa tapentaini, au kwa maji kama ni akriliki, iwe majimaji. Kwa brashi chora mistari mikuu moja kwa moja kwenye turubai jeupe: ukingo, mstari wa ng'ambo, mashina, umbo la daraja. Usitumie penseli hapa, wala usichore madirisha. Mstari uwe mnene pale kitu kilipo kizito, na ukatike pale mwanga unapokula umbo. Mstari unaozunguka kila kitu bila kukatika hufanya picha ionekane kama kitabu cha watoto cha kujazia rangi. Baadhi ya mistari hii utaiacha ionekane mpaka mwisho.

Hatua ya tano: kupaka

Anza na rangi yenye sauti kubwa kuliko zote, kwa kawaida ile nyekundu ya mashina au mapaa. Walimu wengi husema uanze na anga. Mimi nasema hapana, kwa mtindo huu, kwa sababu ukianza na anga la buluu la kawaida kila kitu kingine kitalitii na utaishia na picha ya kawaida. Weka nyekundu kwanza, halafu kila rangi inayofuata iulizwe inasimamaje mbele yake.

Tumia brashi moja kwa kila familia ya rangi ili zisichafuane. Paka mguso mmoja, uache, nenda pengine. Kurudia mguso mbichi mara tatu nne ndiyo njia ya haraka ya kupata matope. Rangi iwe nzito, itoke karibu moja kwa moja kwenye tyubu. Vlaminck alifikia kuikamulia juu ya turubai lenyewe. Kwa rangi za mafuta, tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi na za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo picha itapasuka baada ya miaka.

Katikati ya miguso acha nafasi za turubai jeupe, milimita mbili tatu. Derain alizitumia sana Collioure, na zinafanya kazi mbili: zinazuia rangi mbili mbichi zisigusane, na zinatia mwanga ambao nyeupe ya tyubu haiwezi kuutoa. Nyeupe ya titani hupoza rangi na kuipa sura ya chaki. Kila unapotaka kuongeza nyeupe kwenye nyekundu, jiulize kwanza kama huwezi kutumia turubai tupu au rangi nyingine nyepesi kwa asili yake.

Kila sehemu iwe na mwendo wake wa brashi. Mashina yapande. Ardhi iende mshazari. Majani yawe miguso mifupi inayozunguka. Mkono wa Van Gogh uko wazi hapo kwa Vlaminck. Anga liwe na miguso mipana na michache, lipumzike, maana jicho linahitaji mahali pa kukaa. Ukitumia mguso wa aina moja picha nzima, ukingo na maji vitakuwa kitu kimoja.

Hatua ya sita: maji

Mto ndio unaoshinda au kuangusha picha hizi. Mambo matatu ya kweli kuhusu maji lazima yaheshimiwe hata rangi zikiwa za ajabu namna gani.

Kwanza, kivuli cha kioo, yaani taswira ya kitu inayoakisiwa majini, huanguka wima, moja kwa moja chini ya kitu chenyewe. Paa lililo ng'ambo upande wa kushoto haliwezi kuonekana majini upande wa kulia. Pili, vitu vyepesi huonekana vizito kidogo majini, na vitu vizito huonekana vyepesi kidogo. Tanga jeupe majini liwe waridi jepesi au kijani chepesi. Shina la ultramarini majini liwe kobalti. Tatu, maji ya mbali huakisi anga zaidi, na maji yaliyo karibu na miguu yako huonyesha zaidi rangi yao wenyewe. Ndiyo maana mkanda wa mbele wa maji unaweza kuwa kijani kizito au zambarau, na wa nyuma ukawa na rangi ya anga.

Fanya hivi. Weka kwanza rangi za vivuli vya kioo kwa miguso ya wima, fupi, bila kuziunganisha. Kisha, kwa brashi pana, zikate kwa miguso iliyolala ya rangi ya maji. Miguso hiyo iwe mirefu na myembamba kule mbali, mifupi na minene karibu nawe. Hapo maji yatalala chini hata kama umeyapaka machungwa. Mwisho tia miguso michache ya manjano au nyeupe nzito pale jua linapogonga, kisha weka brashi chini. Maji yaliyopakwa kila mahali kwa juhudi sawa hugeuka kuwa zulia.

Meli ya kukokota au mashua ichore kwa miguso mitano sita tu: kiwiliwili cha giza, bomba, mkanda mmoja mwekundu, moshi. Iweke mahali inapokata mstari wa ng'ambo, ili iunganishe kingo mbili.

Hatua ya saba: kukagua na kurekebisha

Rudi nyuma hatua nne. Piga picha, iondoe rangi, ilinganishe na mchoro wako wa viwango vitatu. Mahali popote pasipolingana ndipo penye kosa, na mara nyingi ni rangi moja tu iliyo nyepesi mno. Igeuze picha juu chini. Mikanda ikiwa haina nguvu utaiona mara moja.

Picha ikiwa inapiga kelele kila kona, usiongeze kitu. Chagua eneo moja, kwa kawaida anga au kona ya mbele, ulikwangue kwa kisu na ulipake rangi moja tulivu, kijani chenye nyeupe au waridi iliyofifia. Picha ikiwa baridi na haina uhai, tafuta sehemu kubwa ya buluu ukatie ndani yake miguso michache ya machungwa. Matope hayatibiki kwa kupaka juu yake. Yakwangue hadi turubai lionekane, futa kwa tambara, anza upya hapo tu. Na kama nyumba za ng'ambo zinasogea mbele, zipunguzie mistari ya buluu kabla ya kuzibadilisha rangi.

Baada ya hapo

Akriliki nzito itakuwa kavu ndani ya siku moja mbili. Rangi nzito ya mafuta huonekana kavu juu baada ya wiki kadhaa, lakini ndani bado ni mbichi; subiri angalau miezi sita kabla ya kupaka vanishi, na itundike mbali na jua la moja kwa moja.

Usikae sana kwenye picha ya kwanza. Rudi ukingo uleule kwa saa nyingine, na safari hii geuza himaya: joto litawale, ubaridi uwe mgeni. Derain alifanya kitu cha jinsi hiyo alipopeleka rangi za Collioure kwenye mto wa London wenye ukungu na madaraja ya chuma, akaona zinavyobadilika kazi. Wote wawili, yeye na Vlaminck, waliziacha rangi hizi kali kufikia mwaka 1908, baada ya maonyesho makubwa ya kumbukumbu ya mchoraji Cézanne ya mwaka 1907 kuwavuta upande wa umbo na ujenzi. Kwa hiyo picha yako ya tatu ya mahali hapo ijaribu kwa tyubu tatu tu, ultramarini, nyekundu na manjano pamoja na nyeupe, na ujenge nyumba na kingo kwa maeneo mapana ya rangi badala ya miguso mifupi. Utaona mara moja ni sehemu gani za picha mbili za kwanza zilikuwa zimeshikiliwa na wingi wa rangi, na zipi zilikuwa zimeshikiliwa na mchoro.